Nimeing'oa Fremuweki ya Mume Wangu, na Jumamosi Anakwenda Kuisifu

Mpendwa mshauri, shikamoo, na naomba usinicheke mpaka nimalize, maana jambo lenyewe ni la kompyuta lakini kinachotaka kuvunjika ni nyumba, na nina mpaka Jumamosi ya wiki ijayo tu.

Mimi na mume wangu tunatengeneza tovuti. Ofisi yetu ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu wenyewe, meza mbili zimegusana, yeye anatazama mlango mimi natazama dirisha, na katikati kuna rundo la nyaya ambalo kila mtu anadai ni la mwenzake. Kazi tumegawana hivi tangu tuanze: yeye anaanzisha, mimi namalizia. Yeye ndiye anayekutana na mteja, anachora, anachagua vifaa, anajenga mpaka kitu kinasimama, halafu mikono inaanza kumwasha anahamia kazi mpya, na mimi ndiye ninayebaki na ile ya zamani, narekebisha, napokea simu za malalamiko, nafagia vumbi. Sijawahi kulalamika kwa hilo, kila mtu na anachokiweza.

Tatizo ni hivyo vifaa. Sijui kama unajua fremuweki ni nini, mshauri, nitakueleza kwa kifupi: ni msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, uliokwisha kuandikwa na watu wengine, unauchukua mzima mzima, unajenga tovuti yako juu yake, ili ukurasa wa kawaida ugeuke kuwa programu kamili, vitu vinateleza, vinafunguka, vinajikunja, na mtu haoni ukurasa ukianza upya hata mara moja. Ni vizuri, sikatai. Lakini mume wangu kwenye fremuweki yuko kama watu wengine walivyo kwenye mpira, ana timu yake, na ukiisema vibaya umemtukana yeye na ukoo wake. Tumezipitia zote. Tulianza na ile ya zamani iliyomtaka mgeni kwanza asakinishe kitu kwenye simu au kompyuta yake ndipo aone hata rangi ya tovuti, akasema hiyo ndiyo mwisho wa yote, ikafa, hatujaizika vizuri akawa ameshapenda nyingine. Ikaja ile niliyoipa jina la Karani, kwa sababu kuandika neno moja tu kwenye ukurasa lazima kwanza ufungue mafaili kibao na kila faili limtambulishe mwenzake. Ikaja ile inayobadilika kila ukilala, leo umejifunza hivi, kesho wenyewe wanasema kufanya hivyo ni ushamba. Na sasa tunaye Bi Harusi. Bi Harusi ni jina langu mimi, yeye halijui. Nimemwita hivyo kwa sababu ni mzuri kweli, hakuna wa kubisha, ila mpaka atoke ndani wageni wameshachoka kukaa.

Maoni yangu, kama kuna anayeyauliza, na hakuna, ni haya: mtu anayekaa kitini siku nzima na kitu kile kile kiko wazi mbele yake, mpe fremuweki, mpe mapambo yote, atafaidi. Lakini mtu anayeingia mara moja, ana shida moja, anataka amalize aondoke, mpe ukurasa mwepesi wenye maandishi na kitufe, basi. Nimeyasema haya mezani mpaka nimechoka, na kila nikifika kwenye "lakini" mume wangu ananikatiza, "Mke wangu, hayo ni mawazo ya kizee," anavaa hedifoni zake, mazungumzo yamekwisha.

Sasa sikiliza. Daktari mmoja wa meno alitupa kazi, alitaka wagonjwa wachague siku na saa ya miadi kwa simu zao wenyewe badala ya kumsumbua mhudumu wa mapokezi kutwa nzima. Mume wangu akamleta Bi Harusi. Mshauri, ilipendeza! Kalenda inafunguka kama ua, ukichagua siku kuna jino linatabasamu, na ukibonyeza "Thibitisha" kinatokea kiduara cha kijani, kinazunguka, kinazunguka, mpaka jibu linarudi. Kwenye kompyuta zetu kilikuwa kitu cha kutazama tu na kutikisa kichwa. Daktari akafurahi, mume wangu akahamia kazi ya watu wenye ghala, wanaotaka programu ya kuhesabia mizigo yao kutwa nzima, na mimi nikakabidhiwa meno.

Wa kwanza kulia alikuwa mama mkwe wangu, naye kulia kwenyewe kweli, jino la nyuma lilikuwa limemvimbisha shavu. Amekaa sebuleni kwetu na simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, anajaribu kuchukua miadi, ananiita, "Mwanangu, hebu njoo, hii simu imekufa au ni macho yangu?" Nikaangalia: peupe. Ukurasa mweupe pe, hakuna kalenda, hakuna jino, na simu imepata moto mkononi mwake. Tukangoja. Nikampa maji ya chumvi asukutue, tukangoja tena. Mwisho nikampigia mhudumu wa mapokezi, akampangia kwa mdomo. Nikaenda chumba cha nyuma, nikamwambia mume wangu mama yako yuko pale anaugulia na tovuti yetu haifunguki, akageuka nusu tu akasema, "Mama anahitaji simu mpya, nitamnunulia," akarudi kwenye ghala lake. Jamani! Simu kama ile ndiyo waliyo nayo wagonjwa wengi wa yule daktari, tuwanunulie wote? Nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

Ndipo nikaanza. Naapa nilianza na kalenda peke yake, nikaitoa nikaweka orodha ya siku, mtu abonyeze anayoitaka. Nikaona wagonjwa wanafika mwisho ambao zamani walikuwa wanaishia njiani. Nikatoa na kipande kingine. Mkono ukazoea, nikawa natoa hiki leo, kile keshokutwa, jino likaacha kutabasamu likabaki picha, mpaka siku moja nikatazama nikakuta Bi Harusi hayupo tena, hata shela yake. Yamebaki maandishi na vitufe, na ukurasa unafunguka kabla hujapepesa macho. Sikufuta nyayo zangu, angeangalia angeona, ila mume wangu kazi akishaiacha haitazami kwa ndani tena. Mara moja tu aliupitia ukurasa kwenye simu yake akauliza kalenda iko wapi, nikamjibu daktari ndiye aliyetaka orodha. Hakuwa ametaka orodha.

Halafu sikia kichekesho. Mhudumu wa mapokezi akanipigia, "Dada, kuna nini huko? Watu wanabonyeza, wanaambiwa tayari papo hapo, hawaamini. Wanabonyeza tena. Wengine wananipigia kuuliza kama kweli imeingia." Eti ni haraka mno! Nikakaa nikafikiri, nikakirudisha kiduara cha kijani. Kinazunguka kidogo, halafu ndipo mtu anaambiwa miadi yake imepokelewa. Hakifanyi kazi yoyote, mshauri, kinazunguka bure kabisa, lakini watu wakakiona wakatulia. Mume wangu naye akikiona anadhani vyake vingine vyote vipo.

Juzijuzi daktari akapiga simu, mume wangu akapokea akaweka spika. "Ile tovuti siku hizi inaruka! Hakuna mgonjwa anayelalamika!" Mume wangu akanitazama uso unang'aa, akasema, "Nilikwambia nini mimi? Fremuweki hii ni ya kuipa muda tu." Nilikuwa na chai mdomoni, ikatokea puani. Nikasema nimepaliwa.

Siku ile ningesema, yangeisha kwa kicheko. Sikusema. Nikwambie ukweli, mshauri, nilinogewa. Akiwa anaisifu kwa wenzake kwenye simu mimi nimekaa ng'ambo ya meza, uso mkavu, nacheka kimoyomoyo. Na sasa maji yamezidi unga. Kuna mkutano wa watengeneza tovuti, ukumbi mzima, na mume wangu ameombwa asimame aeleze jinsi fremuweki yake ilivyoiokoa kliniki ya meno. Amenunua shati. Anafanya mazoezi bafuni, namsikia, kuna mahali anatulia kabisa ili watu wapige makofi. Na amepanga kwamba katikati ya maelezo aufungue msimbo wenyewe ukutani, mbele ya watu wote, wauone kwa macho yao. Atakapoufungua ataona nini? Ataona vitufe vyangu, na kiduara kinachozunguka bure.

Jana alikuja na kompyuta yake mkononi, akavuta kiti akakaa kando yangu, akanisomea hotuba yote mpaka mwisho. Akaifunga kompyuta. Akaniuliza, "Wewe unaonaje? Sema kweli." Nikasema, "Nzuri."

Nifanyeje? Nikimwambia nitamvunja moyo, na atajua kwamba muda wote huu nilikuwa namcheka, na ni kweli nilikuwa namcheka. Nikinyamaza ataumbuka mbele ya watu anaowaheshimu. Nimefikiria nimrudishe Bi Harusi kimya kimya siku moja kabla, aukute msimbo wake kama alivyouacha, lakini wagonjwa nao watarudi kwenye ukurasa mweupe. Rafiki yangu anasema nimwache aumbuke ndipo atie akili. Mume wangu nampenda, ila kuna sehemu yangu ndogo, naiogopa, inatamani sana kuwepo ukumbini siku hiyo. Naomba jina langu lisitoke.

Mimi, Mmaliziaji

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mmaliziaji. Samahani, nimeshindwa kusubiri umalize, nimecheka pale kwenye chai. Sasa nimenyamaza, tuongee.

Mimi kompyuta yangu najua kuiwasha, kuandikia safu hii na kuizima, kwa hiyo kati ya Karani na Bi Harusi usiniulize nani ana nafuu. Ila ukurasa mweupe naujua vizuri sana. Nimewahi kusimama dirishani nimeinua simu juu, nataka kulipia maji tu, kiduara kinazunguka mpaka mkono ukafa ganzi na nikasahau nilikuwa nalipia nini. Kwa hiyo kwa niaba ya mashavu yote yaliyovimba, asante. Kazi uliyoifanya ni safi. Sifa zako zinaishia hapo hapo, usizitafute huko chini.

Kwa sababu ulichofanya baada ya hapo hakikuwa kutengeneza tovuti, kilikuwa kumvizia mumeo. Ulipoitoa kalenda ulikuwa na hasira, na hasira ile naielewa, hata mimi ingenishika. Uliposema daktari ndiye aliyetaka orodha, ulidanganya. Uliposingizia kupaliwa, ulimvika kilemba cha ukoka bila hata kufungua mdomo, na tangu siku hiyo umekuwa ukikikaza kila akipokea simu. Sasa anakwenda nacho jukwaani. Usiniambie amejipeleka mwenyewe.

Unalalamika kwamba hakusikilizi. Nakuamini. Mwanaume anayeambiwa mama yake anaugulia akajibu habari za simu mpya anahitaji kuvutwa sikio, na ungeniandikia wiki ile ningelivuta mimi, tena kwa furaha. Hayo ya "mawazo ya kizee" nayo nimeyaona, tutayarudia. Lakini hebu isome barua yako kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Huyu mtu asiyesikiliza alitoka upande wake wa meza, akavuta kiti, akakaa kando yako. Akasoma yote. Akaifunga kompyuta, wala hedifoni hakuvaa. Akakuuliza, na kwa hofu usije ukamwonea haya akaongeza mwenyewe, sema kweli. Mdogo wangu, masikio uliyoyalilia muda wote huo yalikuwa pale yamekusogelea. Ukayapa neno moja, na hilo moja lenyewe la uongo! Hapo nimekukasirikia kuliko mahali pengine pote katika barua yako.

Na kuna jambo umelipitia mbio ukidhani sitaliona. Umesema mtu anayekaa kitini siku nzima mbele ya kitu kimoja apewe fremuweki, atafaidi. Hao watu wa ghala wanafanya nini kutwa kama si hivyo? Ina maana huko mumeo yuko sawa, kifaa chake kimepata mahali pake, na wewe unajua. Umemwambia? Wala usinijibu. Umemficha alipokosea na umemficha alipopatia, halafu unashangaa kwa nini hajui lolote.

Basi fanya hivi. Kwanza, hilo wazo la kumrudisha Bi Harusi kwa siri litupe leo. Wagonjwa wa watu hawawezi kukaa na maumivu ili hotuba ya mumeo ipendeze. Na huyo rafiki yako msalimie, mwambie nimesema apumzike kutoa ushauri. Mtu akiumbuliwa mbele ya wenzake hajifunzi habari za vifaa, anajifunza tu ni nani asimwamini tena, na huyo nani analala naye.

Pili, mwambie. Mchana, chumba hicho hicho cha nyuma, akiwa ameshiba na masikio yake yako wazi. Usianze na makosa yake, na mama yake usimguse kabisa mwanzoni. Anza na lako: "Niliposema hotuba ni nzuri nilikudanganya." Halafu ufungue msimbo wewe mwenyewe, umwonyeshe kila ulichotoa na kwa nini ulikitoa. Uongo wa daktari na orodha utaje. Kucheka kwako kutaje pia, ndiyo, hata huko, kwa sababu akija kukugundua mwenyewe baadaye kitakuwa kidonda kingine. Ukimaliza, azima ile simu yenye kioo kilichopasuka, mfungulie tovuti ya zamani kama alivyoijenga yeye, mpe mkononi, angoje. Anapongoja usiseme kitu. Najua utatamani. Usiseme.

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo, na wewe huna haki ya kumharakisha. Pengine atalala sebuleni, pengine atasema haendi popote na shati akupe ulifanye dekio. Usimsukume aende, usimzuie asiende, hotuba ni yake. Ila akitulia mwambie kwamba ukumbi ule utajaa watu waliokuja kusifia vifaa vyao, na atakayethubutu kusema changu kilifaa ghalani, kwenye meno hakikufaa, ndiye watu watakayetaka kuzungumza naye wakitoka nje. Kama atataka msimame wawili, simama, na jina lako liandikwe ukutani chini ya lake kwa herufi za ukubwa ule ule. Akitaka kusimama peke yake, kaa kwenye kiti chako umpigie makofi kwa dhati, na ile sehemu yako ndogo iache nyumbani na ufunguo uuache kwa jirani.

Umeniomba jina lako lisitoke, na halitatoka. Lakini tusidanganyane, bibi wewe. Kliniki ya meno, kiduara cha kijani, shati jipya, mazoezi ya bafuni: nani kati ya wanaowajua ninyi wawili atasoma haya asiwatambue? Umeliandikia gazeti linalotoka Ijumaa kuhusu jambo la Jumamosi. Hukuja kuomba ushauri peke yake, ulikuja kunituma. Ulitaka mimi ndiye nimwambie, ili wewe uendelee kutazama dirisha. Sitaki kazi hiyo. Jibu hili nimekutumia Jumatatu, siku ile ile nilipolimaliza, kwa hiyo leo linapochapishwa umekuwa na siku za kutosha za kufungua mdomo wako mwenyewe, na ninaomba uwe umeutumia.

Na wewe bwana, ikiwa umelifungua gazeti leo asubuhi, umefika hapa, umejitambua, na mkeo bado hajakwambia neno, usinipigie simu mimi na wala usimpigie daktari. Likunje gazeti, vuta kiti ukae kando yake, mwulize tena anaionaje hotuba yako. Na safari hii, akianza kusema, usimkatize.